Laptopu Nyembamba ya Gemu: Uliza Wati Kwanza

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mwanza na kote mnakotusikia. Leo tuna swali la kijana anayesoma chuo pale Malimbe. Kapanga chumba, pesa yake inatosha mashine moja tu, na anataka mashine hiyo hiyo asomee na achezee gemu. Ameipenda laptopu nyembamba, lakini wenzake wanamwambia haifai. Kaka Shija, wanasema kweli?

SHIJA: Nusu yake ni kweli, dada Neema. Zamani mashine ya gemu ilikuwa mzigo wa kilo tatu. Mwaka 2017 NVIDIA, watengenezaji wa kadi za grafiki, wakaleta mpango wa Max-Q: kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ikapunguziwa umeme ili ienee kwenye umbo jembamba. Mwaka 2020 kampuni ya ASUS wakatoa laptopu ya ROG Zephyrus G14, inchi 14, kilo moja na nusu na ushei, na watu wakachezea gemu nzito kweli kweli. Kwa hiyo inawezekana, ila kuna unachopoteza.

NEEMA: Haya, tuanze na hicho.

SHIJA: Wati. Hapo ndipo watu wanapoumia. Chukua kadi ya RTX 4060 ya laptopu. NVIDIA wanairuhusu ifanye kazi kuanzia wati 35 mpaka 115. Jina ni lile lile, kibandiko ni kile kile, lakini ya wati 50 haiwezi kukimbizana na ya wati 115. Muuzaji atakuambia "hii ni 4060", na hajakudanganya, ila hajamaliza maneno.

NEEMA: Kwa nini wasiipe tu umeme wote?

SHIJA: Joto litakwenda wapi? Umeme wote unaoingia kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine, na kwenye kadi unatoka ukiwa joto. Umbo nene lina nafasi ya feni kubwa na mabomba mapana ya shaba. Jembamba lina feni ndogo, inabidi izunguke kwa kasi sana, ndiyo ule mvumo unaousikia hadi chumba cha pili. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Unaanza gemu linateleza vizuri, baada ya robo saa fremu, yaani idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde, zinashuka na hujui umekosa nini.

NEEMA: Na kwetu hapa ongeza wale wadudu wa ziwani. Ukikaa Kirumba au Capri Point, kuna usiku wanatoka ziwani kama moshi, wanafuata taa mpaka kwenye skrini. Feni ikivuta hewa, na wao wanavutwa humo humo.

SHIJA: Halafu vumbi. Matundu ya mashine nyembamba ni finyu, yanaziba upesi. Dirisha liwe na wavu, na fundi aifungue na kuisafisha mara kwa mara, asisubiri ianze kuzima yenyewe.

NEEMA: Lakini ngoja nimtetee kijana. Asubuhi anagombania daladala kwenda chuo. Likizo anapanda meli kwenda kwao Bukoba. Mashine ya kilo tatu na lile chaja kubwa ataiacha chumbani, na darasani ataandika kwa mkono. Mimi nimebeba aina zote mbili, bega linajua tofauti.

SHIJA: Hapo sibishi. Kama mashine ni moja na inasafiri, nyembamba ina maana. Ila asitegemee kuchezea kwa betri. Zephyrus G14 ya 2024 ina betri ya wati-saa 73. Gemu likila wati 80, hata saa moja haifiki, na hapo mashine yenyewe imeshajibana ili kuokoa chaji. Umeme ukikatika, asevu aondoke.

NEEMA: Na RAM?

SHIJA: Hii ndiyo inaniuma zaidi. Nyembamba nyingi RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye bodi. Hiyo G14 ya 2024 imechomelewa yote. Ukinunua ya GB 16, ni hizo hizo mpaka mwisho. Mafundi wetu wa mjini wana mikono mizuri, lakini soketi ya kuchomeka nyingine haipo. Sisi wengi tunanunua kidogo kidogo: leo mashine, mwakani RAM, baadaye SSD kubwa ya kuhifadhia mafaili na gemu. SSD kwa kawaida utabadilisha. RAM utakuwa umenyimwa.

NEEMA: Aliyeshanunua je?

SHIJA: Kwenye mipangilio ya gemu afunge fremu zisizidi 60 kwa sekunde. Kadi ikiachwa huru inajichosha kutoa fremu nyingi zisizo na faida kwenye gemu la hadithi. Ukiifungia, joto na kelele vinashuka na gemu linatulia. Pia ainue nyuma ya mashine, na asiiweke juu ya blanketi kitandani, maana feni zinavuta hewa kutokea chini.

NEEMA: Na yule wetu wa Malimbe?

SHIJA: Achukue nyembamba, ya RAM kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Dukani afungue programu ya NVIDIA, kwenye taarifa za mfumo, wati za juu za kadi zimeandikwa. Kisha achomeke chaja, acheze nusu saa, alinganishe fremu za mwanzo na za mwisho.

NEEMA: Muuzaji akikataa?

SHIJA: Aende duka jingine, mjini yapo mengi.