Kanda za New York: albamu ya Bob Dylan kabla haijabadilishwa

Asanteni kwa kuja. Nimeanza kwa kuwapigia wimbo kabla ya salamu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Je, mmesikia? Nyuma ya gita kuna kitu kinagonga. Tik, tik-tik, na wala hakifuati mapigo ya wimbo. Ni vifungo vya nguo aliyovaa mwimbaji, vinagusa ubao wa gita kila mkono unaposhuka. Ingekuwa ni mimi niko kwenye mitambo, ningesimamisha kazi na kumwomba avue koti, tuanze upya. Phil Ramone, fundi aliyekuwa na kazi hiyo siku zile, aliiacha kanda izunguke.

Mwimbaji ni Bob Dylan wa Marekani, mwezi ni Septemba, mwaka ni 1974. Yuko A&R, studio ya New York iliyokuwa zamani mali ya Columbia, kampuni ya rekodi, mahali palepale aliporekodi albamu yake ya kwanza akiwa kijana wa miaka 20. Sasa ana miaka 33, ndoa yake inayumba, na mfukoni ana nyimbo alizoziandika kwenye daftari dogo jekundu. Daftari hilo limehifadhiwa kwenye maktaba ya Morgan Library, mjini humohumo New York. Zilizotoka humo ndizo nyimbo za albamu ya Blood on the Tracks.

Naomba nizungumzie albamu hii kwa sababu ilirekodiwa ikaisha, kisha nusu yake ikarekodiwa upya. Na hiyo nusu iliyowekwa pembeni, kwa maoni yangu, inakosewa heshima tunapoiita rasimu. Ilikuwa kazi kamili. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuipa ruhusa itoke.

Kazi ilianza tarehe 16 Septemba. Ramone alimwita Eric Weissberg na bendi yake, wapigaji wazoefu kabisa. Taabu ilikuwa kwenye gita la Dylan. Hakulifunga nyuzi kwa namna ya kawaida. Ngoja niwaonyeshe kwa hili langu: nalegeza huu, na huu, na huu... haya. Sasa sijakandamiza kidole popote, nazipiga zote kwa pamoja, na tayari inatoka kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazopatana. Gita likishakuwa hivi, vidole vya kushoto havikusaidii kujua mwenzako anakwenda wapi. Wale jamaa wakawa wanamtazama mikono, na mikono haiwaambii kitu. Dylan hakuwasubiri. Wimbo aliwafundisha mara moja au mbili, akaanza, na palipokosewa akapita. Kesho yake aliyeitwa tena katika bendi ile ni mpiga besi peke yake, Tony Brown. Kwenye albamu, kazi ya bendi nzima mnaisikia katika wimbo mmoja tu, "Meet Me in the Morning".

Kwa hiyo kilichobaki chumbani ni sauti, gita, harmonika na besi, na mara chache kinanda cha Paul Griffin. Ndani ya siku nne walikuwa wamemaliza. Santuri chache za majaribio zikatengenezwa, majalada yakachapishwa. Mwezi wa Desemba Dylan akaenda kwao Minnesota kwa sikukuu akiwa na santuri yake, akampigia mdogo wake, David Zimmerman. Zipo nyimbo ambazo David aliona zinahitaji kurudiwa. Akatafuta wanamuziki wa palepale Minneapolis, na tarehe 27 na 30 Desemba wakaingia studio ya Sound 80. Nyimbo tano kati ya kumi zikarekodiwa upya. Mwezi uliofuata, Januari 1975, albamu ilikuwa madukani.

Fikirini mwendo huo: tarehe 30 Desemba bado wanarekodi, na tarehe 20 Januari watu wananunua!

Tuingie ndani ya wimbo mmoja, "Idiot Wind". Ule unaojulikana ni wa Minneapolis. Ngoma zinaingia kwa nguvu, kinanda kinavuma (kinapigwa na Dylan mwenyewe), na sauti yake ni ya mtu aliyesimama uani anafoka mpaka majirani wanatoka. Nimeupenda tangu ujana. Baadaye nikapata ule wa New York, na siku hiyo sikusikiliza kitu kingine. Maneno mengi ni yaleyale, lakini anayaimba chini, taratibu, huku kinanda cha Griffin kinapumua kwa mbali. Ni mtu aliyekwisha kulia. Wa New York unanitisha zaidi. Mtu akikufokea, unajua atachoka. Anayekusema kwa sauti ndogo, maneno yake unaondoka nayo.

Kwenye "Tangled Up in Blue" mambo ni kinyume, na hapo nampa David haki yake. Kule New York wimbo ulikuwa mzuri ila umekaa tu, hauendi. Kwanza kuna badiliko la neno ambalo sisi watu wa Kiswahili tunalisikia haraka. Mwanzo wa wimbo kuna mtu amelala kitandani asubuhi. New York alikuwa "yeye", Minneapolis akawa "mimi". Kwetu ni silabi moja tu mbele ya kitenzi: alikuwa, nilikuwa. Silabi hiyo moja ikigeuka, hadithi ya jirani inakuwa ya kwako.

Badiliko la pili lilitoka kwa kijana wa gita, Kevin Odegard, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye treni. Amesimulia mwenyewe: walikuwa wakiujaribu wimbo katika ufunguo wa G, yaani noti ya G ndiyo makao yake, Dylan akamuuliza anauonaje. Akajibu kwamba unapita, yaani si mbaya, basi. Unapita! Dylan akalirudia neno hilo, na Odegard akatamani ardhi ipasuke. Kisha akajikaza, akapendekeza wapandishe hadi A. Wakapandisha. Ukisikiliza zote mbili mfululizo, utasikia jinsi sauti ilivyolazimika kunyoosha shingo ili kuzifikia noti, na huko kunyoosha shingo ndiko kulikoupa wimbo ule haraka yake. Kijana asingesema kweli, tusingekuwa nao.

Lakini majalada, kumbukeni, yalikuwa yamekwisha kuchapishwa. Yalitaja watu wa New York. Kevin Odegard, Chris Weber, Bill Berg, Billy Peterson, Gregg Inhofer na Peter Ostroushko walipiga nusu ya albamu iliyofika namba moja Marekani, na mnunuzi hakuliona hata jina lao moja. Nimeyataja yote kwa sababu nataka yasikike ukumbini. Hapa kwetu nimeona mpiga besi akipiga nyimbo nane na kuondoka na nauli, na kwenye kava hayumo. Hilo linaniuma, na sioni haya kusema kwamba linaniuma.

Za New York zilitoka kidogo kidogo. Zilivuja kwanza kwenye santuri za magendo zilizonakiliwa kutoka zile za majaribio. Mwaka 1985 na 1991 kampuni ikatoa chache, pamoja na "Up to Me", wimbo ulioachwa nje kabisa. Halafu tarehe 2 Novemba 2018 likatoka boksi la CD 6, More Blood, More Tracks, lenye rekodi 87, kila jaribio la New York kwa mpangilio wa siku na saa yake. Na majina ya watu wa Minneapolis yakaandikwa.

Boksi hilo lilirekebisha kitu kingine ambacho ninyi wa mitambo kitawafurahisha. Mwaka 1974, kwa matakwa ya Dylan, masta nyingi za New York, yaani kanda za mwisho za kutengenezea santuri, ziliongezwa kasi kwa asilimia 2 hadi 3. Wimbo wa dakika tano unapungua sekunde sita hadi tisa, na sauti inapanda karibu nusu ya hatua kati ya noti mbili jirani. Hutambui. Unahisi tu kwamba mwimbaji ana wepesi fulani. Mwaka 2018 waliurudisha mwendo wake, na ghafla yule mtu akawa mzito, yuko karibu, anavuta pumzi mbele yako.

Upande wa Minneapolis, majaribio hayapo. Zimebaki masta za nyimbo tano zilizochaguliwa, basi. Jinsi "Tangled" ilivyosikika katika G siku ile na bendi ile, hakuna kanda ya kutuambia.

Mimi nimewahi kufuta. Mama mmoja alikuja kurekodi kasida, akaimba mara ya kwanza huku mjukuu analia nje ya mlango. Tukarudia, ya pili ikawa safi, ya kwanza nikaifuta kupata nafasi kwenye diski. Mama yule ameshafariki. Kijana wake alinijia akauliza kama ninayo ile yenye sauti ya mtoto. Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Tangu siku hiyo sifuti, naandika tarehe, jina la kila aliyepiga, na ni mara ya ngapi.

Sasa nitawapigia "If You See Her, Say Hello" ya New York, kwa mwendo wake halisi. Naomba mtu azime hiyo feni pale nyuma, maana vifungo vyenyewe vinasikika kwa chini sana.