Gemu Yako Itoke Kwenye Kompyuta: Kutoka Godot Hadi Linki ya itch.io

Karibuni tena, wadau. Leo hatuandiki kodi mpya ya programu. Tuna gemu iliyokwisha, imelala tu kwenye kompyuta, na tunataka mtu aliye Mwanza, Mombasa au Muscat aifungue kwenye simu yake leo leo. Tutaitoa Godot, ile programu tuliyoitengenezea, kama gemu ya kivinjari, tutaipandisha itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, tutapata linki. Mambo ya kumtumia mtu faili la .exe tuachane nayo: wengi hawana kompyuta, na aliye nayo Windows itamtisha kwamba faili halieleweki limetoka wapi.

Gemu ya mfano ndiyo hii mnayoiona kwenye video. Kuku yuko chini na vifaranga wake, mwewe anazunguka juu. Ukichelewa kuwakusanya chini ya bawa, mmoja anachukuliwa. Ina hatua moja tu, na mimi naona inatosha. Gemu ndogo iliyokamilika ina wachezaji, gemu kubwa ya "bado naimalizia" haina hata mmoja.

Tuanze kwenye kona ya juu kulia ya Godot. Hapo ndipo unapochagua njia ya kuchora picha za gemu. Pakiwa pameandikwa Forward+ au Mobile, badilisha iwe Compatibility, kwa sababu kwenye kivinjari ndiyo pekee inayofanya kazi. Na kama uliandika kwa lugha ya C#, simama hapo: Godot 4 haitoi gemu za C# kwenda kwenye kivinjari. GDScript, lugha ya Godot yenyewe, haina shida.

Sasa vidole. Kuku wetu anaendeshwa kwa mishale ya kibodi, na simu haina mishale. Ongeza nodi mbili za TouchScreenButton, yaani vitufe vya kugusa, moja kushoto, moja kulia, na kwenye sehemu ya Action ya kila moja andika jina lile lile linalotumiwa na mshale wake. Kodi huigusi kabisa. Vitufe vifanye vikubwa, dole gumba si ncha ya kalamu. Weka pia ukurasa wa mwanzo wenye maneno "Gusa uanze". Huo si urembo: vivinjari huzuia sauti mpaka mchezaji aguse kitu, kwa hiyo bila mguso huo muziki wako unaweza kuanza kimya.

Nenda menyu ya Editor, Manage Export Templates, bofya Download and Install. Hizo templates ndizo Godot inazotumia kutolea gemu. Hapa tafuta Wi-Fi, maana zinashuka za mifumo yote kwa pamoja na ni mzigo mkubwa, unaweza kufika GB 1. Zikimaliza, ingia Project, kisha Export, bofya Add, chagua Web. Thread Support iache imezimwa. Tangu Godot 4.3 ya mwaka 2024 gemu inakwenda bila hiyo, na ukiiwasha unajitafutia usumbufu kwenye baadhi ya simu. Bofya Export Project, tengeneza folda mpya tupu, jina la faili liwe index.html, ondoa tiki ya Export With Debug, hifadhi.

Tufungue hiyo folda. Kuna index.wasm, hiyo ni injini ya Godot yenyewe, na kuna index.pck, humo ndimo zilimo picha na sauti zako. Tazameni ukubwa wa hiyo pck: MB 24! Gemu ya kuku mmoja! Mchawi ni muziki. Wimbo wa dakika mbili ukiwa WAV unakula zaidi ya MB 20. Ufungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, uutoe kama OGG, aina ya faili la sauti lililobanwa, uurudishe kwenye mradi: sasa ni kama MB 2. Mtu anayecheza kwa bando la siku hatasubiri MB 24 zishuke ili amwone kuku.

Jingine linalosumbua sana ni herufi. Kwenye kodi umeandika Mwewe.ogg, faili lenyewe linaitwa mwewe.ogg. Windows inafumbia macho, gemu inacheza vizuri kabisa, ukishaitoa sauti haipatikani. Majina yote yaandike kwa herufi ndogo, hutakumbana na hili.

Toa gemu upya, kisha ingia ndani ya folda, chagua faili zote, uzifunge ziwe zip moja. Nimesema ingia ndani. Ukifunga folda yenyewe, itch.io inaweza kuitafuta index.html mwanzoni mwa zip isiione.

Kule itch.io fungua akaunti, bofya Create new project. Kwenye Kind of project chagua HTML. Pandisha zip, na chini yake weka tiki kwenye "This file will be played in the browser". Watu hulisahau hilo, ukurasa unabaki na kitufe cha kupakua tu. Vipimo vya kioo viwe sawa na vya gemu yako, weka tiki ya Mobile friendly na ya kitufe cha Fullscreen. Picha ya jalada iwe 630 kwa 500. Piga picha mwewe akiwa anashuka, usipige ukurasa wa mwanzo. Picha au sauti ulizochukua kwa wengine, soma leseni zake na uwataje wenyewe kwenye maelezo.

Iache kwanza Draft, yaani bado haijawa wazi kwa watu wote. Ifungue kwenye simu yako, halafu mpe simu mdogo wako au jirani, ukae kimya. Usimwambie "bonyeza hapo". Akibofya pasipohusika mara tatu, kitufe chako ndicho hakionekani. Rekebisha, toa zip nyingine, futa ile ya zamani, weka tiki ile ile tena, kisha badilisha Draft iwe Public, unakili linki na uirushe kwenye magrupu.

Mradi mzima wa kuku na mwewe nimeuweka hapo chini ya video. Upakueni, mwongezeeni mwewe wa pili, mnirushie linki zenu nizicheze.