Mlima kwenye pakiti, ndani harufu ya stoo

Wadau wangu wa Moshi na Arusha, mambo vipi, shimbonyi! Leo niko jikoni, mnisamehe kwa kelele, hiyo ni mashine ya kukaangia kahawa, kadogo tu, kanabeba kilo moja. Mnaniuliza sana inbox, kaka ulianzaje brandi yako hapo Hamburg, tupe siri, haya leo naongea ukweli maana zile video za suti na gari la kuazima zimetosha.

Mi nilianza na nembo. Yaani sijauza hata punje moja nishamlipa kijana wa dizaini akanichorea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, theluji juu migomba chini, nikabandika kwenye pakiti za gramu 250, picha nikatupia kila mahali. Mzigo wenyewe nikaagiza kwa jamaa mmoja wa huko nyumbani, simtaji, tumetoka mbali. Akaniambia ni gredi AA, iko safi kabisa meku, we tuma hela. Nikatuma.

Mzigo unafika nafungua gunia, harufu inanipiga, unaijua stoo iliyofungwa tangu masika? Ile ile. Punje zingine zimebonyea, zingine nyeusi tii. Kahawa inatakiwa ikauke mpaka ibaki na unyevu kama asilimia 10 mpaka 12, hii ilinyeshewa chini huko ikafungwa mbichi mbichi. Na nilijua. Jamani nilijua, nikasema nikiikaanga sana ikawa nyeusi nani atajua, maana hapa Ujerumani kodi peke yake ni yuro 2.19 kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, bado usafiri, bado pango la nyumba, ningekula nini.

Bibi mmoja wa mtaani kwangu akanunua pakiti mbili. Siku ya tatu karudi nazo, wala hajafoka, kaziweka mezani, akagusa ule mlima kwa kidole akaniuliza, huku ndo kwenu? Dah.

Nikamkumbuka babu, mwanachama wa KNCU, ushirika ulioandikishwa 1933 huo, anakaa barazani na ungo anachambua punje moja moja, ukimchanganyia mbovu unakula kofi. Nembo hana! Hata Mangi mwenye duka kona ya kwetu Majengo, ubao wake umefutika maandishi sijui tangu lini, ila unamtuma mtoto wa miaka sita na noti na chenji inarudi kamili.

Basi nikarudisha hela za watu, pakiti 41, gunia likaenda jalalani. Iliuma.

Halafu mnaouliza BRELA, kule kunakosajiliwa biashara Tanzania, sajilini mapema, na mjue kusajili kampuni hakulindi nembo, alama ya biashara inasajiliwa kivyake.

Sasa hivi nanunua kwa mama mdogo Kibosho na majirani zake, mzigo unapita AMCOS yao, ushirika wa wakulima wa kuuza mazao, wanachuma nyekundu tu, wanaanika juu ya wavu, nawalipa zaidi ya nilivyomlipa yule jamaa, ndo maana pakiti yangu bei imechangamka, msininunie. Kila jioni mama mdogo lazima anitumie picha WhatsApp. Juzi mvua ikamkuta, katuma video anakimbia na turubai, kanga imedondoka, anamfokea jirani kwa Kichagga shika huko huko! Nimemwomba ruhusa niiweke kwenye peji. Kasema subiri kwanza nisuke.