Chimbeni muone mizizi

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka akina mama! Sogeeni jamani, walio kule nje njooni kivulini, leo sikuja na projekta, nimekuja na jembe na chupa ya maji, mtaona kazi yake baadaye.

Nitaanza na lile lile ninalolisema kila mkutano hapa Igunga, na nitalirudia mpaka lieleweke. Ng'ombe anayekufa kwa njaa mwezi wa kumi alishauawa mwezi wa kwanza, majani yakiwa mabichi na kila mtu anafurahia maziwa. Kiangazi kinakuja kumaliza tu.

Mwaka juzi nilifika kwa mzee mmoja, ana ngitili yake, yaani kipande cha malisho anachokifunga ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi, haina waya, mpaka wake ni minyaa na katani basi. Upande wa pili ni malisho ya wote. Nikaazima jembe nikachimba shina moja la majani kila upande, kutoka hapa hadi pale kwa mwenyekiti hivi, hatua sita. Udongo mmoja, mvua moja. Ndani ya ngitili nilichimba mpaka mkono ukazama kufikia kwapani na mizizi ilikuwa bado inashuka, ikabidi niikate. Nje jembe linaruka kama unapiga sakafu, na shina nililong'oa lilikuwa na mizizi mifupi kama vidole vyangu hivi. Nikamwaga maji, lita moja huku lita moja kule. Ndani yalizama sijamaliza kuhesabu kumi, nje yakatiririka na vumbi mpaka kwenye kiatu changu. Kijana niliyekuwa naye akamuuliza mzee, babu umeweka mbolea gani? Mzee akasema, nimeyaacha tu, nafunga mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, nafungua mwezi wa saba.

Nimeyaacha tu! Sasa sikilizeni sayansi ya huyo mzee maana ni sayansi kamili. Jani ndio jiko la mmea, chakula kinapikwa kwenye jani kwa jua halafu kinashushwa kwenye mizizi. Ng'ombe akila nusu ya jani, jiko bado lipo, mizizi inaendelea kukua. Akila karibu lote, mizizi inasimama, mmea unatoa akiba yake ya chini kuchipusha upya. Hapo ungeupa wiki kadhaa ungerudi. Lakini sisi kesho asubuhi tunaswaga ng'ombe wale wale pale pale, wanang'ata kile kichipukizi chenyewe, keshokutwa tena. Akiba inaisha, mizizi inakufa kutoka chini kuja juu, na wewe juu unaona bado kijani unasema malisho yapo. Misimu miwili mitatu ya mvua baadaye majani ya kudumu yamekwisha, yamebaki yale ya msimu yanayokauka na kupeperushwa hata Agosti haijaisha.

Najua kuna mtu anasema hapo, huyu kaja kutuambia tupunguze mifugo. Sikiliza bwana, idadi ina mambo yake, na hesabu haidanganyi: ng'ombe wa kilo 250 anataka kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, ukiwa nao 50 hiyo ni kilo 300, piga mara siku 180 za kiangazi chetu unapata tani 54. Kila mtu hapa ajiulize tani 54 zake ziko wapi mwezi wa tano. Lakini mtu anayekuja na gari anasema punguzeni, halafu anaondoka bila kuuliza ng'ombe wanalala wapi na wanarudi malisho yale yale baada ya siku ngapi, huyo hajakusaidia na mimi ananiudhi sana. Siku za mapumziko ndizo zinazokosekana. Na sisemi ufunge kote ng'ombe walale njaa, funga kipande, mwakani ongeza.

Mwingine atasema ngitili ni mambo ya Shinyanga. Ehe, na Shinyanga ilikuwaje? Miti ilifyekwa kupambana na ndorobo, wale mbung'o, ikaja pamba, vikaja vijiji vya ujamaa vya miaka ya 70, watu wakahamishwa wakaacha ngitili zao. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 zilishapita hekta 300,000! Na sehemu kubwa hawakupanda miche, walifunga tu, visiki vilivyokuwa hai ardhini vikachipua vyenyewe. Dagashida, lile baraza la jadi la Wasukuma, ndiyo ilitoza faini, ukiingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzio unalipa. Sisi hapa tunashindwa nini, tuna sungusungu, tuna serikali ya kijiji!

Haya naona mwenyekiti ananionyesha saa. Moto, haraka haraka: ukilazimika kuchoma, choma mwezi wa tano au wa sita majani bado yana unyevu, moto unapita chini taratibu. Moto wa Septemba unaua miche na unachoma mizinga ya watu, waulizeni wenzetu wafuga nyuki wa Sikonge. Nyuki nilitaka kuwazungumzia kwa kirefu, basi tena, siku nyingine.

Ila hili siliachi. Malisho ambayo hayajaandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji yatalimwa, kipande kwa kipande, mpaka mjikute mnaswaga ng'ombe barabarani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka mambo hayo mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi mliokaa hapa. Kwa hiyo mkutano ujao lipelekeni, akina mama pia mseme, kuni zinatoka humo humo.

Sasa inukeni twende hapo nyuma ya shule kabla jua halijakuwa kali. Kijana, chukua jembe. Nani ana maji mengine, hii chupa moja haitoshi.