Jibu Umelipata, Njia Iko Wapi? Mhadhara kuhusu kufumba na kufumbua vidokezo

Mabibi na mabwana, wazee wangu na wanangu,

Leo asubuhi nilibandika mlangoni kidokezo kimoja cha maneno mawili, "Vuna madini", jibu la herufi tano, na kabla sijamaliza kikombe cha chai watu watatu walikwisha kunijia na kuninong'oneza jibu. Wote watatu jibu walikuwa nalo. Nilipowauliza kwa nini liwe hilo na lisiwe jingine, wa kwanza alicheka, wa pili akasema limemjia tu, na wa tatu, ambaye ninamheshimu sana na ndiyo sababu simtaji, akaniambia, "Mwalimu, si nimepata?" La, hukupata. Umeokota. Aliyeokota shilingi njiani na aliyeifanyia kazi wote wana shilingi mfukoni, lakini mmoja wao hawezi kuipata tena kesho.

Nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi, na wale mlionisikia mwaka jana mnaruhusiwa kusinzia kwa dakika kumi. Jibu lisilo na maelezo ni ramli. Katika chemshabongo ya kawaida ramli haina madhara, kwa kuwa unapewa maana nawe unatafuta neno. Chemshabongo ya namna hiyo, ile ya Arthur Wynne iliyochapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, mnaijua, na sitairudia. Mimi ninazungumzia mtoto wake mtukutu, chemshabongo ya mafumbo, aliyelelewa Uingereza, hasa tangu mwaka 1926, Edward Powys Mathers alipoanza kuwatesa wasomaji wa gazeti la The Observer kwa jina la Torquemada, ambalo ni jina la mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania aliyejulikana kwa mateso. Mathers alipofariki mwaka 1939, D. S. Macnutt alichukua nafasi yake kwa jina la Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama hiyo hiyo. Baada ya Macnutt akaja Jonathan Crowther, mwaka 1972, akijiita Azed. Zisomeni herufi hizo kutoka nyuma mtampata Deza, mtesaji wa tatu. Watu hawa hata majina yao ni vidokezo.

Kidokezo cha namna hii kina mikono miwili. Mmoja unashika maana ya jibu, kama katika chemshabongo yoyote. Mwingine unashika umbo lake, yaani herufi zake, silabi zake, au maana yake ya pili isiyohusiana kabisa na ya kwanza. Mikono hiyo hukutana kwenye neno moja, na katika kidokezo kizima halibaki neno lisilo na kazi. Kufumbua, basi, ni kuonesha mikono yote miwili na kulitolea hesabu kila neno lililoandikwa. Ukionesha mkono mmoja umefumbua nusu, na nusu ya kufumbua haipo.

Linganisheni na kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Mnajibu yai, na mnajibu haraka, kwa sababu bibi zenu walisema yai. Mtoto akijibu fuu la nazi, tutamwambia nini? Nalo ni nyumba, nalo halina mlango, na ndani yake mna wenyeji. Hatuna la kumwambia ila kwamba hilo silo, atoe mji. Ninajua kuna atakayeinuka kusema kwamba ninavidharau vitendawili vya wazee. Keti, ndugu yangu, sividharau. Kulitazama yai ukaona nyumba ni kazi ya mshairi, na hakuna mtunzi wa London aliyenifunza jambo kubwa kuliko hilo. Ninachosema ni kwamba kitendawili hakina rufaa. Vivyo hivyo mashairi ya fumbo tuliyoyasoma magazetini, ambapo mtunzi huwaita wajuzi wamfumbulie, wajuzi wakaleta majibu sita yanayoingia sawasawa, na mwezi unaofuata mtunzi akawajibu kwa beti nane za madaha kwamba wote wamekosa. Nani atamhukumu? Katika kidokezo cha mikono miwili mtunzi mwenyewe anaweza kushtakiwa na kushindwa, na mimi nimeshindwa, tena hadharani.

Ndipo tunaporudi kwenye "Vuna madini". Jibu ni chuma. Unachuma tunda, huko ni kuvuna. Na chuma ni madini. Niliona nimetunga kito, maana msomaji huona mtu akichimba migodini, kumbe hakuna mgodi wala mtu, kuna neno moja lililoelezwa mara mbili. Nilikisoma kidokezo hicho katika mkutano mmoja wa pwani, nikanyamaza nisubiri makofi. Bibi mmoja wa Pemba, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na mkoba wake mapajani, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umekulia wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo maana. Mpunga huvunwa. Karafuu huchumwa. Nazi huanguliwa, asali hurinwa. Kwetu mtu hawezi kuvuna karafuu, atachekwa mpaka na watoto."

Nilijitetea, na utetezi wangu haukuwa wa kitoto. Kanuni ya kufumba inaruhusu kutoka kwenye pana kwenda kwenye finyu: ninaweza kusema "samaki" nikimaanisha changu, kwa kuwa kila changu ni samaki; siwezi kusema "changu" nikimaanisha samaki, isipokuwa niongeze "kwa mfano". Kuvuna ni pana, kuchuma ni finyu, basi nimo ndani ya sheria. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyomsikiliza mkwe, kisha akasema maneno ambayo sijapata kuyajibu hadi leo: "Na madini je? Si pana vilevile? Umeacha milango miwili wazi, baba, upepo unapita, halafu unamwambia mgeni abishe hodi." Alikuwa amekisoma kidokezo changu kuliko mimi. Maana mkono mmoja ukilegea, mwingine lazima ukaze, la sivyo jibu halishikwi. Kinachoweza kuitwa madini ni vingi, na njia za kutoa mazao shambani ni nyingi. Niliyemtegemea anifungie mlango alikuwa yule herufi tano peke yake.

Nilikwenda nyumbani nikakitunga upya: "Pata faida kwa madini". Kuchuma ni kupata faida kwa jasho, hilo kamusi zinakubali na bibi naye angekubali, maana hata karafuu zenyewe huchumwa ili watu wachume. Lakini sasa tazameni lile "kwa". Linafanya kazi gani? Katika sura ya nje linahitajika, kwani bila hilo sentensi haisimami. Katika ufumbuzi halileti herufi hata moja wala halielezi maana. Wapo watakaosema ni gundi tu ya kuunganisha maana mbili, na Waingereza huiruhusu gundi ya namna hiyo. Mimi inanikera, na usiku nikikosa usingizi huwa ni kwa ajili yake. Mlangoni leo nimebandika kile cha zamani kwa makusudi, nione kama kuna mtu atakayeniuliza swali la bibi wa Pemba. Hakutokea hata mmoja. Mlikuwa na haraka ya kupata.

Kasisi mmoja Mwingereza, Alistair Ferguson Ritchie, aliyetunga kwa jina la Afrit, aliliweka jambo hili mwaka 1949 katika kanuni ambayo watunzi bado wanaishikilia: mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, lakini analazimika kusema anachomaanisha. Jina hilo, mnaona, ni herufi za mwanzo za majina yake, na vilevile ni yule afriti wetu wa hadithi za majini. Afriti anayeweka sheria! Udanganyifu wa sura ya nje umeruhusiwa. Udanganyifu wa sarufi haukuruhusiwa.

Sarufi ndiyo inayonipeleka kwa wale wanaoniambia, kila mwaka na kwa sauti ile ile, kwamba mchezo huu ni wa Kiingereza na Kiswahili hakiuwezi. Hoja yao ina ukweli ndani yake, ila wao hawajauona. Hudai kwamba sisi hatuna maneno yenye maana mbili. Hatuna? Paa hupaa juu ya paa la nyumba. Mbuni ni ndege, ni mti wa kahawa, na ni mtu mwenye akili. Mto unalalia na mto unavuka. Shida yetu iko kwenye ngeli. Kwa Kiingereza neno likibadili maana, majirani zake hukaa kimya. Kwetu majirani hupiga kelele. Taa ni samaki yule bapa mwenye mkia wa sumu, na taa ni ya kuwasha. Lakini mara tu nikisema "samaki anayewashwa", nimeikosea taa ya nyumbani, na nikisema "samaki inayowashwa", nimemwamsha kila mtu aliyewahi kusahihishiwa insha. Upatanisho unatoboa siri kabla mfumbuaji hajakuna kichwa.

Mtunzi wa Kiswahili kwa hiyo hana budi kutafuta vichaka ambamo ngeli haionekani. Kichaka cha kwanza mmekwisha kukiona: kitenzi cha kuamuru, kisicho na kiambishi, kama "vuna", au "panda", au "kata". Cha pili ni ile hu- ya mazoea, ambayo kwangu ni zawadi ya Mungu kwa wafumbaji, maana haiulizi mtendaji ni wa ngeli gani. "Samaki huwashwa magharibi", herufi tatu. Msomaji anaona samaki mwenye upele jua linapokuchwa. Mfumbuaji anakata baada ya neno la kwanza: samaki, ni taa, huwashwa magharibi, ni taa. Kila neno limelipwa ujira wake, na ngeli haikutukanwa, kwa kuwa hu- ni ya samaki na ya kandili sawasawa.

Kichaka cha tatu ni kigumu, nacho ni kutafuta majina mawili ya upatanisho mmoja. Nilikaa na hiki majuma mengi: "Lamu ndogo ya kuandikia", herufi sita. Maana ni "ya kuandikia". Umbo ni "Lamu ndogo", yaani ka-Lamu, kama watu wanavyosema katoto na kanyumba. Kalamu. Angalieni ile "ya": Lamu inaikubali na kalamu inaikubali, haimsaliti yeyote. Mwenyeji mmoja wa Lamu alinilalamikia kwamba ka- ni ya bara na kwamba Lamu si ndogo. La kwanza ninalikubali na ninaomba radhi. Kudogosha kwa sanifu ni kwa ki-, na mfumbuaji anayeshikilia usanifu anayo haki ya kunishtaki. La pili ni la moyo wake.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilikuwa na kurasa nne kuhusu swali la kama kila mraba upokee herufi au silabi. Ninaziruka, ingawa ninasema tu kwamba ni silabi, na wanaopinga wanitafute nje. Sababu yenyewe ni kinyume, mchezo ambao watoto wa pwani waliucheza bila kufundishwa na Mwingereza yeyote. "Lima kinyumenyume upate utajiri": li-ma, ma-li. "Saka kinyumenyume, umpate mwenye gamba baharini": sa-ka, ka-sa. Geuzeni herufi badala ya silabi muone mtapata takataka gani.

Kisa cha mwaka 1942, The Daily Telegraph lilipowaita watu wafumbue chemshabongo kwa dakika 12, na baadhi yao baadaye wakachukuliwa Bletchley Park kwenye kazi ya kuvunja misimbo ya Wajerumani, ndicho wengi wenu mlichokuja kukisikia. Basi mmekisikia.

La mwisho ni neno lililofichwa ndani ya maneno mengine. Hapa hatuhitaji mwalimu wa kigeni, tunaye Liyongo. Akiwa kifungoni alimtumia mama yake ujumbe kwa njia ya wimbo, kijakazi akaubeba, walinzi wakausikia wote, na mama peke yake akaelewa kwamba tupa ya kukatia pingu iwekwe ndani ya mkate. Mkate ukaokwa kwa wishwa, walinzi wakaudharau wakampa mfungwa, wao wakala mikate mizuri iliyoletwa pamoja nao. Maneno hayakuwa yamefichwa masikioni mwa mtu; walinzi walisikia sura ya nje wakatosheka. Kwa mfano kibaya lakini halali: katika "Musa farijika" mna mwendo. Musa hafarijiki kwa lolote. Silabi yake ya mwisho imeshikana na mbili za jirani, ikawa safari.

Kipaza sauti kinadaiwa, kwa hiyo andikeni hiki kwenye karatasi mlizopewa, herufi tano: "Ameikamata ngome, na ndani yake mna tunda la kachumbari." Karatasi yenye jibu peke yake sitaipokea. Pigeni mstari pale maana inapoanzia, kisha chini ya kila neno linalobaki andikeni kazi yake, na kama kuna neno mtakaloliona halina kazi, hata liwe "na", niandikieni hilo kwanza.