Mtazamaji Humchagua Nani? Mhadhara juu ya Filamu za Magenge ya Pikipiki

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa filamu, nanyi nyote wapenzi wa sinema, asanteni kwa kuja.

Leo tunazungumzia filamu za magenge ya pikipiki, hasa za Marekani, na namna watazamaji walivyozipokea. Hoja yangu ni moja, nami naitoa mapema ili mnibane nayo: mtunzi huweka hukumu mwishoni mwa hadithi, lakini kufikia hapo mtazamaji ameshachagua upande wake zamani. Huchagua kwa macho na masikio. Huangalia mtu anavyokaa juu ya mashine, koti alilovaa, na mlio wa injini yake.

Tuanzie Hollister, mji mdogo wa California. Wikiendi ya tarehe 4 Julai 1947 palikuwa na mashindano ya pikipiki, wakaja watu wapatao 4,000. Wengine walilewa, wakafukuzana kwa pikipiki katikati ya mji, wakavunja chupa, na polisi wachache waliokuwapo wakazidiwa. Fujo ilikuwapo, lakini mji haukutekwa. Tarehe 21 Julai jarida la Life likatoa picha ya mwanamume mnene juu ya pikipiki ya Harley-Davidson, bia mkononi, chupa tupu zimetapakaa chini ya magurudumu. Mtu anayeonekana nyuma katika picha hiyo hiyo, ambaye kazi yake mjini ilikuwa kuendesha mashine ya kuonyeshea sinema, alikuja kueleza kwamba chupa zile zilikusanywa na kupangwa kwa ajili ya picha. Kutokana na tukio hilo Frank Rooney aliandika hadithi fupi, ikatoka katika jarida la Harper's mwaka 1951. Hadithi hiyo ndiyo iliyozaa The Wild One, filamu ya 1953 iliyotayarishwa na Stanley Kramer na kuongozwa na László Benedek.

Kipande mlichokiona punde hivi ndicho kinachoifungua filamu hiyo. Kwanza yanakuja maandishi ya onyo, kwamba jambo hili lisiruhusiwe kutokea tena. Halafu kamera inawekwa chini, karibu iguse lami, ikitazama barabara tupu. Kwa mbali vinatokea vitone vyeusi. Vinakua, mlio unapanda, na pikipiki zinaijia kamera hadi zinaipita kushoto na kulia. Angalieni mtazamaji amewekwa wapi: amelazwa barabarani. Sekunde chache baadaye anainuliwa hadi usawa wa uso wa Marlon Brando, miwani myeusi, kofia imeinamishwa. Kutoka kulala chini ya magurudumu hadi kuwa uso kwa uso na kiongozi! Onyo lile la maandishi limeshasahaulika.

Tena Johnny, kiongozi wa genge anayechezwa na Brando, hafanyi uhalifu mkubwa. Kikombe cha mashindano alichokifunga kwenye pikipiki yake kimeibwa, na hata hivyo ni cha mshindi wa pili. Wanaompiga vibaya ni raia wema wa mji. Askari wa hapo ni mzee mwoga. Mtazamaji kijana aliyekerwa na baba, mwalimu au bosi hakuhitaji kubembelezwa ili amchague Johnny.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Waendesha pikipiki wenyewe hawakumchagua Johnny wote. Wengi walivutiwa na Chino, mpinzani wake, aliyechezwa na Lee Marvin: mchafu, mcheshi, ndevu hazijanyolewa, juu ya Harley. Frank Sadilek, aliyekuwa rais wa tawi la San Francisco la Hells Angels, kundi halisi la waendesha pikipiki, alikwenda Hollywood akainunua ile fulana ya mistari aliyoivaa Marvin, akawa anaivaa. Kundi lilikwisha kuwapo tangu 1948. Filamu haikuliunda, ila ililipa sura ya kujitazama. Tangu hapo kila upande unamwiga mwenzake, na ni vigumu kusema nani alianza.

Sasa tuvuke bahari kwenda Uingereza. Bodi ya kukagua filamu, BBFC, iliikataa The Wild One mwaka 1954, na ilirudia kuikataa kwa zaidi ya miaka kumi. Haikuruhusiwa hadi 1967, kwa watu wazima tu. Wakaguzi hawakulalamikia damu, maana damu ni kidogo mno. Walichokihofia ni kwamba genge linavuruga mji na karibu wote wanaondoka salama, tena mbele ya polisi dhaifu, na vijana wataiga. Halmashauri za miji zilikuwa na mamlaka ya kuruhusu filamu iliyokataliwa na bodi, ndiyo maana ilionekana mahali pachache, kama sinema ya Rex kule Cambridge.

Je, katazo lilifanya kazi? Mwaka 1964 vijana walioitwa rockers, wenye makoti meusi ya ngozi na pikipiki za Uingereza, walipigana na mods, kundi hasimu la vijana wa skuta, kwenye fukwe za Clacton na Brighton. Wengi wao hawakuwahi kuiona filamu hiyo. Picha mnato za Brando akiwa na pikipiki zilikuwa zimewafikia, na picha mnato haina mwisho wa hadithi wala onyo. Kwa maoni yangu bodi ilizuia sehemu pekee iliyokuwa na mafunzo, ikaacha mvuto upite.

Niseme kidogo kuhusu mlio, kwa sababu wahariri wa sauti wengi huuharibu. Brando anaendesha Triumph Thunderbird 6T, silinda mbili zilizosimama sambamba, sentimita za ujazo 649. Pistoni zake hupanda pamoja na kuwaka kwa zamu, kila baada ya nyuzi 360 za mzunguko wa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndiyo maana mlio ni laini na sawia. Harley ina silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 45 huku pistoni zote zikishika pini moja ya krenki. Silinda moja huwaka, nyingine hufuata baada ya nyuzi 315, kisha pengo la nyuzi 405. Hapo ndipo unapotoka ule mdundo wa kuchechemea. Ukibandika mlio wa Harley juu ya picha ya Triumph, mtazamaji anayezijua mashine anatoka nje ya hadithi papo hapo. Hapa kwetu, penye waendesha bodaboda wanaotambua pikipiki gizani kwa mlio tu, kosa hilo halipiti.

Mwaka 1966 Roger Corman alitoa The Wild Angels, akawatumia Hells Angels halisi pamoja na pikipiki zao. Filamu ilifungua tamasha la Venice, ikajaza viwanja vya sinema za kutazama ukiwa ndani ya gari, na wenyewe Angels wakamshtaki Corman kwa kuwachafulia jina. Nembo yao ya fuvu lenye mabawa inalindwa kisheria. Mwaka 2006 waliipeleka kampuni ya filamu ya Disney mahakamani kwa sababu ya nembo hiyo. Ndiyo maana filamu nyingi hubuni jina na nembo. Ukitaka kupiga filamu ya aina hii, buni kila kitu kilicho mgongoni mwa koti: upinde wa juu wenye jina, nembo ya kati, na upinde wa chini wenye eneo.

Easy Rider ya 1969 si filamu ya genge, lakini ilitokea humo humo. Pikipiki zake zilijengwa na Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wa Los Angeles, kutokana na Harley kuukuu za polisi. Ile ya Peter Fonda, mmoja wa waigizaji wakuu wawili, haina shokapu nyuma wala breki ya mbele, na foki zake ndefu, vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele, huifanya iwe nzito kukata kona kwa mwendo mdogo. Majina ya mafundi hao hayakuandikwa kwenye filamu, na kwa miongo kadhaa mashabiki waliipenda mashine bila kujua ilitoka mikononi mwa nani. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwetu watazamaji wamezoea kwamba stelingi hafi. Katika Easy Rider mastelingi wote wawili wanapigwa risasi kutoka kwenye gari dogo la mizigo, bila sababu, na filamu inaisha. Lakini bango lililobandikwa ukutani mwa vijana halikuwa la pikipiki inayoungua. Lilikuwa la pikipiki inayokwenda.

Sasa tutaitazama The Wild One nzima, dakika 79. Chukueni karatasi mwigawe sehemu mbili. Kushoto andikeni dakika ambapo ukumbi unacheka, kulia dakika ambapo ukumbi unanyamaza. Msiandike maoni yenu kwanza. Muwe macho hasa Chino anapoingia mjini, na sherifu anapomkaripia Johnny karibu na mwisho. Taa zikiwaka tutalinganisha karatasi.