Usonji Wakati wa Janga: Mipango Inayotangulia Karantini

Ndugu wazazi, walimu na wahudumu wa afya,

Kenya ilipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi walikosa masomo, lakini mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na hisi) alivurugikiwa na siku nzima, kwa kuwa basi la asubuhi, mwalimu yuleyule, kiti kilekile na uji wa saa nne ndivyo vilivyomwezesha kujua kinachofuata. Masomo ya redio na televisheni yaliwafaa baadhi ya wenzake. Yeye, aliyezoea kufundishwa kwa kadi za picha na kushikwa mkono, hakuwa na namna ya kuyafuata.

Naona kwamba kilichozielemea familia hizi si virusi peke yake, bali pia kanuni zilizotungwa bila kuwafikiria watu wenye usonji. Kwa mtu ambaye mguso mdogo tu humuumiza, kukataa barakoa si ukaidi, ingawa polisi na makanga wa matatu hawawezi kulijua hilo wasipoelezwa na mamlaka iliyoweka kanuni. Uingereza ililigundua jambo hili mapema kiasi: Aprili 2020 serikali ilifafanua kwamba watu wenye usonji waliohitaji kutoka nje zaidi ya mara moja kwa siku kwa ajili ya afya yao waruhusiwe, na baadaye wasioweza kuvumilia barakoa wakasamehewa kuivaa. Msamaha wa namna hiyo hauigharimu hazina kitu.

Gumu zaidi ni hospitali. Mama akiugua na kutengwa, nani atajua kwamba kijana wake wa miaka ishirini, asiyesema, hujipiga kichwa akiwa na maumivu, na kwamba hakubali kula chakula kilichochanganywa? (Tunapenda kusema “watoto wenye usonji” kana kwamba hawakui.) Kila familia na iandike ukurasa mmoja unaoeleza mtu wao mwenye usonji anavyowasiliana, kinachomtisha, kinachomtuliza, dawa anazotumia, hasa za kifafa ambacho huwapata baadhi yao, na jina la mtu wa pili aliyekubali kumlea. Nakala moja ikae kwa mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tayari huzijua nyumba za eneo lake. Hospitali nayo iruhusu mlezi mmoja mwenye mavazi ya kinga abaki kando ya kitanda, na kipimo cha puani kitanguliwe na picha zinazoonyesha kila hatua, ikiwezekana siku moja kabla, nyumbani kwake.